PIMA UPEPO KABLA YA KUHESABU FRANKA

Shauri juu ya mashini ya upepo kwa kutoa kutu na kupiga rangi nyumbani



Katika vijiji vya kando ya Likasi na Kolwezi chuma ni mali. Kinga inabeba makala na mahindi mpaka sokoni. Mashini ya kusaga inalisha jamaa nyingi. Brueti, pipa la maji, mlango wa ghala, vyote ni vya chuma. Mvua zikianza kunyesha, kutu nayo inaanza kazi yake. Mwenye akili hangoji. Anatoa kutu, anapiga rangi, na chombo chake kinadumu.

Watu waliofanya kazi mgodini wameona mashini ya kukaza upepo, ile inayoitwa kompresere. Wameona upepo ukitupa mchanga juu ya chuma, na kutu ikitoka kama majivu. Basi wanarudi kijijini na kusema: «Nami nitanunua moja ndogo, nifanye vile nyumbani.» Shauri hilo si baya lote, lakini lina mitego miwili. Mtego wa kwanza unakula franka. Wa pili unakula mapafu. Tuitazame yote miwili.

1. Kazi mbili si sawa

Mtu mmoja wa kijiji kimoja ninachokizungukia aliuza magunia ya mahindi, akanunua mashini ya nguvu ya farasi 2 yenye tanki la litri 50. Alipopiga rangi, rangi ilitoka vizuri. Alipotia mchanga, upepo ulivuma kitambo kidogo, kisha ukalegea, na mchanga ukaanguka miguuni pake. Akaniita, akasema: «Moniteri, wameniuzia mashini mbovu.» Tukaipima pamoja. Mashini ilikuwa nzima. Kazi ndiyo iliyoishinda.

Sababu ni hii. Upepo wa mashini unahesabiwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni ukali wake, nao unapimwa kwa bari. Namna ya pili ni wingi wake, nao unapimwa kwa litri katika dakika moja. Wanunuzi wengi wanauliza ukali tu. Lakini mto mwembamba unaoshuka kwa ukali haujazi shamba la mpunga. Uliza wingi.

Pistole ndogo ya rangi, inayofaa kinga na milango, inataka karibu litri 100 mpaka 200 kwa dakika, kwa bari 2 au 3. Pistole kubwa inataka litri 300 na zaidi. Lakini mdomo wa kutupa mchanga, hata ule mdogo wenye tundu la milimetri 3, unakula karibu litri 500 kwa dakika kwa bari 6. Tena mchanga unautafuna mdomo wenyewe. Tundu likipanuka toka milimetri 3 mpaka 4, upepo unaotakiwa unakaribia kuwa mara mbili.

2. Namna ya kupima

Muuzaji anaweza kukuonyesha hesabu nzuri iliyoandikwa juu ya mashini. Angalia! Mara nyingi hesabu ile ni ya upepo unaoingia, si ya upepo unaotoka. Unaotoka ni mdogo kuliko ule. Kwa hiyo pima mwenyewe, kwa saa ya mkono tu:

Kwanza, soma tanki ni la litri ngapi.
Pili, funga njia ya kutoka, washa mashini, utazame sindano ya kipimo.
Tatu, sindano ikifika bari 4, anza kuhesabu sekunde. Ikifika bari 6, acha.
Nne, zidisha litri za tanki kwa 2, kwa kuwa sindano imepanda bari 2. Gawanya kwa sekunde ulizohesabu, kisha zidisha kwa 60.

Mashini ya yule mtu ilikuwa na tanki la litri 50. Mara 2 ni 100. Ilitumia sekunde 40. Gawanya 100 kwa 40, zidisha kwa 60, unapata 150. Basi ilitoa litri 150 kwa dakika. Kwa pistole ndogo inatosha. Kwa mchanga haifiki hata theluthi moja ya kazi.

Kama muuzaji hakubali mashini iwashwe na kupimwa, shika franka zako uende zako. Tena kumbuka hesabu hii fupi: kila nguvu ya farasi 1 inatoa karibu litri 100 kwa dakika. Akikuambia kwamba mashini yake ya farasi 2 inatoa litri 500, usibishane naye. Mwambie aiwashe.

3. Tanki kubwa halizai upepo

Wengine wanasema: «Nitanunua tanki kubwa.» Tanki ni ghala. Ghala kubwa haliongezi mavuno, linaweka tu yaliyovunwa. Yule mtu alikuwa na upepo wa bari 8 katika tanki. Ulipotumika kwa mchanga ulishuka mpaka bari 6 kabla ya sekunde 20 kwisha. Angekuwa na tanki la litri 200, angefanya kazi dakika moja na kidogo, kisha angengoja tena.

Lakini tanki lichunguzwe kwa sababu nyingine. Upepo ukikazwa unatoa maji, na maji yanakusanyika chini ya tanki. Yakikaa, kutu inakula chuma toka ndani, na siku moja tanki linapasuka kama baruti. Usinunue tanki lililotiwa kiraka cha kuchomelea. Vuta pete ya supape, ile inayotoa upepo ukizidi. Isipolia, usiinunue mashini. Na kila jioni fungua tundu la chini, maji yatoke. Maji hayohayo yakifika katika pistole yanaharibu rangi.

Mwenye kutumia grupu naye ajue: moteri inapoamka inataka umeme mwingi kuliko inapozunguka. Grupu ya kilowati 2 mara nyingi inashindwa kuamsha mashini ya farasi 2. Zijaribu pamoja kabla ya kulipa.

4. Mchanga unaua polepole

Sasa tumefika kwenye mtego wa pili, nao ni mbaya kuliko wa kwanza. Mchanga wa mto ukipigwa juu ya chuma unavunjika kuwa vumbi jembamba ambalo jicho halilioni. Vumbi hilo linaingia mwisho kabisa wa mapafu, wala halitoki. Mapafu yanakuwa magumu, mtu anakosa pumzi, na kifua kikuu kinapata mlango wazi. Dawa ya kuyarudisha mapafu hayo haiko. Wazee waliotoboa mawe mgodini wanaujua ugonjwa huu.

Katika mwaka 1949 Uingereza ilitoa amri ya kukataza mchanga katika kazi ya namna hii viwandani. Kama viwanda vyenye vyumba vilivyofungwa na mashini za kuvuta vumbi vilikatazwa, je, wewe utafanya uani, karibu na muhogo ulioanikwa na watoto wanaocheza? Kitambaa cha kufunga mdomoni hakizuii vumbi hilo.

Wala usichukue takataka nyeusi za tanuru la shaba badala ya mchanga. Ndani yake mna madini mengine, na vumbi lake halifai kuvutwa.

5. Basi tufanye nini?

Nunua mashini ya kupiga rangi, na uiache iwe ya rangi tu. Kutu itoe kwa mkono: kwangua, sugua kwa brosi ya chuma, kisha sugua kwa msasa uliolowa maji. Maji yanalaza vumbi, na hasa yanafaa kwa rangi ya zamani, maana rangi nyingine za zamani zina risasi ndani. Kausha vizuri. Piga kwanza rangi ya kuzuia kutu, kisha rangi ya juu. Pigia nje, mbali na moto wa makala, kwa kuwa mvuke wa rangi unawaka.

Kama chuma ni kikubwa na kutu imekomaa, kusanyeni vyombo vya watu watano au sita, mvipeleke mjini kwa fundi mwenye mashini kubwa, chumba cha kazi hiyo, na kofia inayoletewa upepo safi. Mtalipa kidogo kila mmoja.

Yule mtu wa magunia ya mahindi hakuuza mashini yake. Alimwaga mchanga, akanunua brosi mbili, na sasa anapiga rangi kinga na milango ya jirani zake. Hasara aliyoiogopa imekuwa kazi. Lakini angepima kwanza, asingelala siku nyingi kwa huzuni.

Ndugu zangu, franka ikipotea inatafutwa tena shambani. Pumzi ikipotea hairudi.