Kesi husikilizwa Kigali, makala huandikwa ng'ambo

Na Mwandishi Wetu, Kigali

MWANASHERIA kijana wa Kigali akitaka kujua Gacaca iliendeshwaje, yumkini atapelekwa maktaba akasome kitabu kilichoandikwa na mgeni. Cha Phil Clark kilitoka mwaka 2010, cha Bert Ingelaere mwaka 2016, na vyote viwili ni vya kuheshimika. Lakini inashangaza kidogo. Mahakama zile zilikaa juu ya nyasi, na ndiko lilikotoka jina lake, mbele ya macho ya nchi nzima. Mahakimu wake, inyangamugayo, walichaguliwa na majirani zao mwaka 2001. Mpaka zinafungwa rasmi Juni 18, 2012, zilikuwa zimeamua kesi zinazokaribia milioni 2.

Mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha, tangu kuundwa kwake mwaka 1994 hadi ilipofunga milango mwaka 2015, iliwashtaki watu 93. Hata hivyo, fungua majarida ya sheria ya Ulaya na Marekani uone hukumu ya Akayesu ya Septemba 2, 1998 inavyotajwa. Inastahili, maana ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la mauaji ya kimbari. Ila hesabu hizo mbili ukiziweka pamoja, unajiuliza wale waliokuwa ndani ya vyumba vya mahakama za Rwanda kwenyewe wameandika nini.

Sababu za ukimya huo si uvivu. Baada ya mwaka 1994 majaji na mawakili wengi walikuwa wameuawa au wamekimbia. Chama cha mawakili kiliundwa mwaka 1997, na mageuzi makubwa ya mahakama yakafuata mwaka 2004. Kizazi kile kilikuwa na milima ya majalada mezani. Nani angepata usiku wa kuandika tanbihi?

Halafu kuna lugha. Wakongwe walisomea sheria kwa Kifaransa. Rwanda ikaingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiingereza kikawa lugha ya kufundishia kuanzia uamuzi wa mwaka 2008, na Jumuiya ya Madola ikafuata mwaka 2009. Mahakamani lakini watu huzungumza Kinyarwanda, na hukumu huandikwa kwa Kinyarwanda. Kwa hiyo mwandishi wa Kigali, kabla hajaanza kujenga hoja, ameshafanya kazi ya mfasiri.

Hata namba ya kesi inataka maelezo. Herufi RP ni jinai na RC ni madai, mabaki ya Kifaransa. TGI ni mahakama ya ngazi ya kati. Mhariri aliyezoea kesi za Uingereza, ambazo hutajwa kwa majina ya wadaawa, ataziona kama namba za gari.

Mswada ukishakamilika, mara nyingi maneno elfu nane na kuendelea, jina la mwandishi huondolewa na nakala hupelekwa kwa wahakiki wasiomjua. Majibu huchukua miezi. Katika majarida mengi ni mwiko kupeleka makala moja sehemu mbili kwa wakati mmoja. Marekani mambo ni tofauti: majarida mengi ya vyuo vya sheria huhaririwa na wanafunzi, lile la Harvard likiwa hivyo tangu mwaka 1887, na mwandishi anaruhusiwa kubisha hodi kwa wengi kwa mpigo. Maana yake ni kwamba wakili mwenye miaka 20 mahakamani anaweza kukataliwa na kijana ambaye hajawahi kuvaa joho.

Kufuta jina nako kuna mtego wake. Ukiandika "katika kesi niliyoitetea", umeshajitaja, na mawakili wa Kigali wanajuana. Siri za mteja hazitoki hata kesi ikiisha. Jaji naye hawezi kutoa maoni juu ya jambo ambalo kesho litaletwa mbele yake. Njia salama ni kutumia hukumu zilizokwisha na kutangazwa, hasa zile zinazokusanywa katika ripoti za sheria za Rwanda.

Na mali imo humo. Chukua utaratibu wa akarengane, ambapo mtu aliyemaliza ngazi zote huomba kesi yake iangaliwe tena kwa madai kwamba ameonewa. Si rufaa. Ombi hupelekwa kwa rais wa mahakama iliyo juu ya ile iliyotoa uamuzi wa mwisho, na likionekana lina uzito hufikishwa kwa Rais wa Mahakama ya Juu. Wakili anayeandaa maombi hayo anajua yapi hupita na yapi hurudi. Maarifa hayo hayamo katika kifungu cha sheria. Yamo kichwani mwake.

Wa kuogopwa ni wale wanaotuma barua pepe zenye sifa tamu, wakiahidi kuchapisha ndani ya wiki moja kwa malipo ya dola. Hao ni wafanyabiashara. Jirani kuna Eastern Africa Law Review ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililoanza mwaka 1968, na lile la haki za binadamu la Pretoria, lililoanza mwaka 2001, ambalo husomwa bure kwenye intaneti. Kwa maoni yetu, mtu aanze na hayo kabla ya kuota Oxford.

Kiswahili nacho kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ili kiwe lugha ya mahakama zake. Wakili wa Kigali na mwenzake wa Ngara sasa wana lugha ya kusomana.

Kazi ipo tele. Oktoba 2022 Rwanda ilizindua utaratibu wa mshtakiwa kukubaliana na mwendesha mashtaka, akakiri na kupata nafuu ya adhabu. Tangu hapo watu wamekaa kwenye meza hizo. Nani huanza kutaja miaka ya kifungo, mwendesha mashtaka au wakili? Jaji huuliza nini kabla ya kuridhia? Na mshtakiwa hupewa muda gani wa kufikiri kabla hajatia saini?