Je, Wajua? Liemba, Mwanamaji Aliyerudi Uraiani

Je, wajua kuwa mwanamaji mashuhuri kuliko wote wa Ziwa Tanganyika aliyerudi uraiani ni meli? MV Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaja Dar es Salaam vipande vipande kwenye makasha yapatayo 5,000, ikapanda reli hadi Kigoma. Iliposhushwa majini Februari 1915 ilikuwa Graf von Götzen, chombo cha vita. Mzinga wake mmoja ulitolewa kwenye manowari Königsberg, iliyokwamia Rufiji.

Je, wajua kilichoiokoa? Grisi! Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kubeba abiria na mizigo. Vituo vingi havikuwa na gati: meli ilitia nanga, ikapiga honi, maboti yakaikimbilia, na abiria wakapanda ubavuni na kuku wao.

Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipofurika Kagunga, kijiji cha ziwani, Liemba ilisaidia kuwavusha hadi Kigoma.

Na wanamaji binadamu wanaorudi uraiani je? Kwao grisi haitoshi. Mkataba wa kimataifa wa vyeti vya mabaharia, wa 1978, hauzihusu manowari. Afisa aliyeongoza meli ya kivita miaka ishirini anaweza kufika kwenye meli ya mizigo akaambiwa, "Cheti kiko wapi, mzee?" Binafsi naona ni uonevu, ila bahari haiheshimu vyeo.

Je, wajua kuwa Uingereza na Marekani huhesabu muda wa kukaa manowarini, wote au sehemu yake, mtu anapoomba cheti cha kiraia? Tanzania Bara vyeti hutolewa na Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, na mafunzo yapo Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI.

Mkataba huo hauzigusi pia meli za ziwani. Huku kinachotawala ni sheria ya nchi. Na kazi ipo: kijijini Mwamgongo, kaskazini ya Hifadhi ya Gombe, watu na dagaa wao husafiri kwa boti za mbao kwenda Kibirizi, jirani na mji wa Kigoma.

Afande unayekaribia kustaafu, usikabidhi sare kabla hujaandikiwa, kwa sahihi na mhuri, siku ulizokaa majini na tani za meli yako. Kama wewe ni wa injini, dai na kilowati zake.