Rovu na Amri Itokayo Kichwani

Mtu akiota rovu, majirani huulizana ni kitu gani kimemwingia shingoni. Kilichovimba ni tezi yake mwenyewe, thairoidi, na mara nyingi imevimba kwa kutii amri.

Amri hutoka kichwani. Chini ya ubongo ipo tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, ambayo kazi yake mojawapo ni kufuatilia kiasi cha homoni za thairoidi kwenye damu. Kikishuka, hutoa homoni yake, TSH, inayosafiri na damu hadi shingoni kuihimiza thairoidi iongeze kazi. Kikipanda, TSH hupungua. Kwa utaratibu huu mwili hurekebisha mapigo ya moyo, joto na kasi ya kutumia chakula, tena kwa homoni chache mno.

Homoni kuu ya thairoidi ni thairoksini, na kila molekuli yake hubeba atomu nne za ayodini, yaani madini joto. Hakuna kinachoweza kushika nafasi ya madini hayo. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua tangu enzi na enzi, kwa hiyo mazao yake huwa na madini joto haba. Mlaji akiyakosa madini hayo, thairoksini hupungua na TSH hupanda. Tezi huongeza seli, hunenepa, lakini malighafi bado haipo, na amri haikomi.

Muhogo nao huchangia. Kisiwani Idjwi, katika Ziwa Kivu, watafiti walikuta rovu limeenea zaidi kaskazini kuliko kusini-magharibi, ingawa madini joto yalikuwa haba kote. Tofauti hiyo waliihusisha na muhogo: sianidi ya muhogo usiolowekwa vizuri hugeuka mwilini kuwa thiosayaneti, nayo huizuia thairoidi kufyonza madini joto. Bibi zetu wanaoloweka muhogo siku kadhaa kabla ya kuuanika wanajua wanachofanya.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Chumvi iliyoongezwa madini hayo inatosha kwa wengi wetu, ila inaniuma kuiona imeachwa wazi kando ya jiko. Ifunike, iepushe na jua, itie chakula kinapokaribia kuiva. Rovu lina sababu nyingine pia, hivyo uvimbe wowote wa shingo upimwe. Mjamzito asicheleweshwe: miezi ya mwanzo mtoto hutegemea thairoksini ya mama, na ubongo ulioikosa wakati huo hauponywi kikamilifu na dawa za baadaye.