Mfarishi Uanze na Chumba

Kabla hujatia mkasi katika kitenge chako, keti mlangoni pa chumba cha kulala ukitazame kama mgeni aingiaye mara ya kwanza. Mimi sikufanya hivyo. Mfarishi wangu wa kwanza, yaani lile tandiko zito la vipande vilivyoungwa, niliushona kwa kila kitambaa nilichokipenda, kikiwamo kitenge cha marehemu mama yangu. Kilikuwa kitenge cha Mwatex, kiwanda kilichoanza kazi hapa Mwanza mwaka 1968. Nilipoutandika, chumba changu cha Kirumba, chenye futi 10 kwa 10, kikafanana na meza ya mitumba ya Mlango Mmoja. Maua ya pazia yaligombana na maua ya kitandani, na sakafu nyekundu ikagombana na yote. Kitenge cha mama hakikuonekana.

Ilinichukua jioni nne kuufumua mshono kwa mshono kwa wembe.

Basi hesabu kwanza rangi zilizomo chumbani mwako ambazo huna fedha ya kuzibadili: sakafu, kuta, pazia. Chagua moja iwe kiongozi, nyingine ziifuate. Kwangu sakafu ilishinda, nikatafuta vitambaa vya hudhurungi na vya rangi ya udongo. Pazia lako likiwa na maua makubwa, vipande vingi viwe vya rangi moja bila maua. Likiwa halina maua, hapo kitenge kina nafasi ya kutamba. Chukua kipande kidogo cha kila kitambaa ukiweke kitandani mchana, kisha ukitazame tena usiku kwa taa, kwa maana bluu na kijani zilizoachana vizuri juani huweza kufanana chini ya balbu. Ikiwa dirisha lako latazama ziwani upande wa magharibi, kumbuka pia kuwa jua la alasiri litafifisha rangi nzito.

Vitambaa vyote vya pamba vifuliwe kabla ya kukatwa, na kila chenye rangi kali kifuliwe peke yake. Chenye kuchuja kichuje katika karai, kisije kikauharibu mfarishi mzima. Na chenye kuruka kiruke sasa.

Kwa kitanda cha futi 4 kwa 6, kata kadibodi ya mraba wenye sentimita 22 kila upande iwe kipimo chako. Ukiacha sentimita 1 ya mshono kila upande, hubaki 20. Vipande 9 kwa upana na 11 kwa urefu hufanya 99, na mfarishi wa sentimita 180 kwa 220, unaoning'inia vizuri pande tatu. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 hutoa vipande 20 kwa yadi, kwa hiyo yadi 5 zatosha, nacho kipande kimoja kitabaki. Lakini mabaki ya fundi cherehani wa mtaani yaweza kukupunguzia yadi mbili au tatu. Muombe kwa adabu.

Bitana iwe marekani, kitambaa kilichopata jina lake karne ya 19 kilipoletwa Unguja kutoka viwanda vya Marekani. Katikati tia blanketi kuukuu. Wasukuma wataniuliza kwa nini nisitie pamba, nasi tumezungukwa nayo! Pamba ya kutiwa kwa mkono hukusanyika pembeni ikifuliwa, isipokuwa mishono iwe ya karibu sana. Piga bandi tabaka zote tatu kuanzia katikati kwenda pembeni, kisha shona kwa kufuata viungo vya vipande.

Vipande vya mama vilivyosalimika wembe ni tisa. Nimeviweka pamoja katikati ya mfarishi wa pili, vitatu kwa vitatu, na kuvizungushia hudhurungi tupu. Dada yangu alipokuja kutoka Sengerema alisimama mlangoni, akauliza, "Hicho si kile alichokuwa akivaa Krismasi?"