Jina la mgonjwa: kusema ao kunyamaza?

Mwezi wa tatu 2020 sisi watu wa Lubumbashi tulifungiwa manyumbani siku mbili. Guvernere Jacques Kyabula aliamuru hivyo, maana wasafiri wawili waliotoka Kinshasa walidhaniwa kuwa na Covid-19, na ilipasa kuwatafuta wote waliopanda nao ndege moja. Ni nani? Anakaa avenyu gani? Amesalimiana na nani?

Ugonjwa mwingine ukija, mganga atauliza tena vile vile. Pengine atamwuliza padri ao mkatekista, kwani sisi tunajua watu wetu. Tujibu nini?

1. Mganga anauliza juu ya kuokoa. Katika Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri (2018–2020), waliokufa walipita 2,200. Kila mtu aliyemgusa mgonjwa ilipasa aangaliwe siku 21, kwa sababu ugonjwa ule unaweza kujificha mwilini siku hizo zote. Asiyetajwa haangaliwi, akigeuka mgonjwa, anawaambukiza kwanza wale wanaomtunza. Basi, kumwambia mganga ukweli ni tendo la mapendo.

2. Lakini sifa ya mtu ni mali yake. Kanuni 220 ya Sheria ya Eklezia inakataza kuiharibu bila haki, tena inalinda siri za kila mtu. Tuseme mkatekista wa Katuba anajua nyumba yenye kolera. Akimjulisha mganga, nyumba ile inapata dawa. Akitangaza baada ya Misa, ao akiandika katika telefone kwa shirika lote, majirani wataikimbia. Kisha nyumba ya pili, ikipatwa, itamficha mgonjwa wake kwa haya. Na kolera inaweza kuua katika masaa machache. Neno ni lile lile: kwa mganga ni dawa, barabarani ni sumu.

Kwa hiyo tumshauri kwanza mgonjwa ao jamaa yake aseme mwenyewe. Akishindwa, na hatari ikiwa kubwa, tumwambie yule tu mwenye kazi ya kuponya, tena yale tu yanayofaa kwa kuponya. Asiulizwe kabila, wala deni, wala mambo ya ndoa yake.

3. Yaliyosikiwa katika Kitubio hayasemwi kamwe, hata kwa mganga, hata mji mzima ukiwa hatarini. Kanuni 983 haina mlango wa pembeni. Inamfunga padri, inamfunga pia mkalimani, na yeyote aliyesikia kwa bahati. Padri anaweza kumhimiza mwenye kuungama aende mwenyewe hospitali. Zaidi ya hapo, anyamaze.

Ndugu, watu wanatuletea siri zao kwa sababu wanatutumaini. Siku ya ugonjwa mkubwa, tumaini lile ndilo litakalowafikisha kwa mganga. Tukilivunja leo kwa maneno mengi, kesho nani atatufungulia mlango?