Hoki ya barafuni: Vikumbo vinavyoumiza ubongo wa mtoto

IKIWA una ndugu au rafiki aliyehamia Toronto, Calgary au Minneapolis, huenda umekwisha kusikia kwamba wanawe wameacha kandanda na sasa wanacheza magongo juu ya barafu. Katika miji hiyo baridi hudumu miezi mingi, na hoki ya barafuni hupendwa jinsi sisi tunavyopenda soka. Hata hapa Nairobi mchezo wenyewe si mgeni tena. Uwanja wa barafu ulifunguliwa katika hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, mwaka wa 2005, na hapo ndipo ilipozaliwa timu ya Kenya Ice Lions. Mwaka wa 2018 wachezaji wake walialikwa Kanada, na mwaka wa 2024 Kenya ikapokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Ni mchezo mtamu kuutazama. Lakini una sifa moja mbaya ambayo kila mzazi anafaa kuielewa kabla ya kumnunulia mtoto gongo: ukali, na wakati mwingine ngumi za wazi. Habari njema ni kwamba ukali huo unaweza kupunguzwa, tena sana, na kuna mambo yaliyojaribiwa yakafaulu.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Kila timu huwa na wachezaji sita uwanjani, kipa akiwa mmoja wao. Huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikifukuzia kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Uwanja wote umezungushiwa ukuta mfupi. Kwa kuwa barafu huteleza, mtoto wa miaka 12 huweza kwenda kasi kuliko anavyoweza kukimbia kwa miguu yake, na kusimama ghafla si rahisi.

Kwa wanaume watu wazima, sheria zinaruhusu kumpiga kikumbo mpinzani aliye na kisahani, kwa bega au kwa nyonga, ili kumwondoa njiani. Hilo ni sehemu ya mchezo. Kumgonga mtu kutoka nyuma, kumlenga kichwani, kumchapa kwa gongo au kumrushia ngumi ni makosa. Tatizo ni kwamba mtoto huyaona yote hayo kwenye televisheni na hayatofautishi. Katika ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini, wachezaji wawili wakipigana ngumi kwa kawaida huketi kwenye kizimba cha adhabu kwa dakika 5 kisha hurudi uwanjani, mashabiki wakishangilia. Katika michezo ya watoto anayepigana hufukuzwa, na mwaka wa 2023 ligi kubwa ya vijana ya Quebec nayo iliamua kwamba mwenye kupigana atolewe mechi nzima. Lakini mtoto amekwisha kuona ni nani anayeshangiliwa.

Yai ndani ya matambara

Ubongo wa binadamu umekaa ndani ya fuvu ukizungukwa na majimaji. Mtu anayekwenda kasi akisimamishwa ghafla, fuvu husimama lakini ubongo huendelea kusonga. Hujipinda, na nyuzi zake nyembamba huvutwa. Kazi yake huvurugika kwa muda, hata kama hakuna tone la damu lililomwagika. Huo ndio mtikisiko wa ubongo, na kinyume na wanavyodhani wengi, mgonjwa si lazima azirai.

Wazazi wengi huuliza: je, si wanavaa helmeti? Wanavaa, na helmeti ni ya lazima. Huzuia fuvu kupasuka na uso kuchanika. Lakini chukua yai, ulizungushie matambara uwezavyo, kisha ulitikise kwa nguvu. Ganda litabaki zima, ila kiini kitakuwa kimevurugika.

Watoto wamo hatarini zaidi ya watu wazima. Shingo zao hazina nguvu za kukizuia kichwa kisirushwe, na wakiumia ubongo huchukua muda mrefu zaidi kupona. Kisha kuna jambo la kubalehe. Katika timu ya wavulana wa miaka 12 au 13, utamkuta mmoja ameanza kuota ndevu na mwenzake bado ana sauti nyororo ya utotoni. Wote wawili wamo katika daraja moja kwa sababu walizaliwa mwaka mmoja. Wakikumbana, hesabu ni rahisi.

Uti wa mgongo nao umewahi kulipa. Mapema miaka ya 1980 daktari Charles Tator wa Toronto, mpasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, alianza kuona idadi ya kutisha ya vijana waliovunjika shingo wakicheza hoki. Wengi walikuwa wamegongwa kutoka nyuma wakaangukia ule ukuta kwa utosi. Baadhi yao hawakutembea tena. Sheria dhidi ya kumgonga mtu kutoka nyuma zilikazwa Kanada katikati ya muongo huo. Baadaye, katika mji wa Windsor, jimbo la Ontario, kulibuniwa mpango wa kushona alama nyekundu ya kusimama, kama ile ya barabarani, mgongoni mwa jezi za watoto. Ukiiona alama hiyo mbele yako, usigonge. (Mtu angetamani alama ya namna hiyo iheshimiwe vivyo hivyo na madereva wetu.)

Umri wa kukumbana

Kwa miaka mingi mabishano makubwa yalikuwa juu ya swali moja: mtoto aruhusiwe kupiga vikumbo akiwa na umri gani? Makocha wengi walishikilia kwamba afunzwe mapema, ili asije akaumia zaidi akiwa mkubwa. Ni hoja inayosikika vizuri. Bahati ni kwamba Kanada kulikuwa na majimbo mawili yenye sheria tofauti: Alberta iliruhusu vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12, Quebec ilivikataza. Watafiti wakawafuata zaidi ya watoto 2,000 kwa msimu mzima na kutangaza matokeo mwaka wa 2010. Watoto wa Alberta waliumia zaidi ya mara tatu ya wenzao wa Quebec, na mitikisiko ya ubongo ilikuwa vivyo hivyo.

Lakini hao wa Quebec walipofika miaka 13 na 14 wakaanza kukumbana, je, hawakuvunjwavunjwa? Watafiti hao hao waliangalia hilo pia. Kwa jumla hawakuona tofauti kati ya waliozoea vikumbo mapema na wasiozoea, wala katika mitikisiko ya ubongo. Majeraha ya kumweka mtoto nje kwa zaidi ya wiki moja yalikuwa machache kiasi kwa waliozoea, na ni haki kulisema hilo. Ila faida hiyo ni ndogo ukiilinganisha na idadi ya watoto walioumia wakiwa na miaka 11.

Marekani iliondoa vikumbo kwa watoto wa miaka 11 na 12 kuanzia msimu wa 2011/2012, na Kanada ikafuata mwaka wa 2013. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilikwenda mbali zaidi mwaka wa 2014: kilishauri vikumbo viruhusiwe tu katika ligi za juu za wavulana, na si kabla ya miaka 15. Wataalamu wa mtikisiko wa ubongo waliokutana Amsterdam mwaka wa 2022 walipitia tafiti zilizokuwapo na kukuta kwamba kukataza vikumbo katika hoki ya watoto na vijana hupunguza mitikisiko hiyo katika mechi kwa asilimia 58. Hakuna helmeti iliyowahi kufanya hivyo.

Kukataza vikumbo hakuna maana kwamba watoto hawagusani. Bado hugombania kisahani bega kwa bega, na kocha mzuri huwafunza kuinua kichwa wanapokaribia ukuta, kwa sababu anayegonga ukuta akiwa ameinamisha kichwa ndiye anayevunjika shingo.

Nidhamu yenye alama

Mahubiri juu ya nidhamu huwa yanasikilizwa kwa heshima na kusahauliwa mechi inapoanza. Jimbo la Minnesota lilijaribu njia nyingine. Katika mashindano ya vijana wa chini ya miaka 20 mwaka wa 1994, timu zilipewa alama ya ziada katika msimamo iwapo adhabu zao hazikupita kiwango fulani. Maana yake, timu iliyoshinda kwa ubabe ingeweza kukosa alama, na iliyoshindwa kwa uungwana ikaondoka na kitu mkononi. Ghafla kocha mwenyewe ndiye aliyemwita pembeni kijana mkali na kumtuliza, kwani ukali ulikuwa unamgharimu.

Kilichofuata ndicho cha kuzingatia. Katika mechi za mwisho za mashindano hayo, alama ya nidhamu haikutumika, zikarudi kanuni za kawaida. Vijana walikuwa wale wale, barafu ile ile. Majeraha makubwa na adhabu za ukali zilipanda mara kadhaa. Kwa hiyo unapoambiwa kwamba mchezo wenyewe ndivyo ulivyo, au kwamba vijana wa siku hizi hawana adabu, uliza kwanza sheria za ligi hiyo zinamtuza nani.

Wazazi kwenye viti

Julai 2000, katika mji wa Reading karibu na Boston, baba wawili waligombana baada ya mazoezi ya wana wao. Chanzo kilikuwa malalamiko kwamba watoto wanacheza kwa ukali kupita kiasi. Mmoja alimpiga mwenzake hadi akafa, na watoto walishuhudia. Mwaka wa 2002 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 6 hadi 10 kwa kuua bila kukusudia. Kisa hicho kiliwashtua Wamarekani wengi, lakini kelele za kila wiki hazimshtui mtu.

Marefa wengi wa mechi za watoto ni vijana wa shule, wengine hawajatimiza miaka 16. Hutukanwa na watu wazima waliotoka kazini na kuvua tai dakika chache zilizopita. Baadhi ya majimbo ya Kanada huwavalisha marefa hao utepe wa kijani mkononi ili mzazi akumbuke kwamba anamfokea mtoto wa mwenzake. Marekani, refa anaweza kusimamisha mechi hadi mzazi mwenye matusi aondolewe, na muda uliopotea haurudishwi. Naiona hiyo kuwa adhabu ya busara sana, kwani wazazi wengine wote humgeukia mwenye makosa wenyewe.

Mtoto akigongwa

Tuseme sasa mtoto wako, awe Toronto au Panari, au hata katika raga ya shule, amegongwa. Mtoe uwanjani mara moja, na asirudi siku hiyo hata akisema yuko sawa. Watoto husema wako sawa. Ontario ina sheria iitwayo Sheria ya Rowan, iliyopitishwa mwaka wa 2018 kwa kumbukumbu ya msichana wa miaka 17 aliyekuwa akicheza raga na kufariki mwaka wa 2013 baada ya kugongwa kichwani zaidi ya mara moja katika muda wa siku chache. Sheria hiyo inataka mchezaji anayeshukiwa kuwa na mtikisiko atolewe, na inawataka wazazi na makocha nao wafahamu dalili zake.

Dalili zenyewe ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuchukia mwanga na kelele, kusahau yaliyotokea kabla ya kugongwa, au mtoto kuwa mzito wa kujibu na mwepesi wa kulia. Nyingine huchelewa na kujitokeza kesho yake. Lakini akitapika tena na tena, akipatwa na kifafa, akizidi kusinzia hadi ni vigumu kumwamsha, maneno yakimkwama, mkono au mguu ukilegea, mboni moja ya jicho ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akilalamika maumivu ya shingo, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali wakati huo huo. Mwenye maumivu ya shingo aliyelala juu ya barafu asiinuliwe na mtu yeyote mpaka wenye ujuzi wafike.

Kuna wanaoamini kwamba aliyegongwa kichwa hafai kulala usiku kucha. Daktari akisha kumpima na kutoona hatari, usingizi humfaa. Usimpe aspirini. Apumzike siku moja au mbili, apunguze simu na televisheni, kisha aanze kutembea polepole. Kumfungia chumbani wiki nzima, kama ilivyoshauriwa zamani, hakumsaidii. Masomo yatangulie michezo. Baadaye aanze mazoezi mepesi peke yake, halafu na wenzake bila kugusana, kila hatua ikipewa angalau siku nzima, na dalili zikizidi arudi hatua moja nyuma. Mechi ndiyo ya mwisho kabisa, na ni baada ya daktari kumwona tena, si baada ya kocha kupiga simu kuuliza kama atacheza Jumamosi.