Mwanafunzi Anapoketi Kwenye Kiti cha Balozi: Mambo Ambayo Mzazi Anafaa Kujua Kuhusu EAMUN

Kwa miaka mingi sasa, wanafunzi wa shule za upili kutoka Kenya na nchi jirani wamekuwa wakikutana katika makao ya Umoja wa Mataifa huko Gigiri, Nairobi, kujifunza jinsi mataifa yanavyojadiliana. Kongamano hilo linajulikana kwa kifupi kama EAMUN, yaani Umoja wa Mataifa wa mfano wa Afrika Mashariki. Wazazi wengi hupata kulisikia jina hilo mara ya kwanza mtoto anapoleta barua nyumbani akiomba ruhusa na nauli. Makala haya yanaeleza kinachofanyika huko, faida yake, na mambo ya kuuliza kabla ya kutoa pesa.

Uhusiano wa kimataifa unahusu nini Kakamega?

Mkulima wa miwa wa Mumias au Malava anaguswa na uhusiano wa kimataifa kila anapopeleka miwa kiwandani. Kenya ni mwanachama wa COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika. Kwa zaidi ya miaka 20, nchi wanachama ziliiruhusu Kenya kuweka kikomo cha sukari inayoingizwa bila ushuru, ili viwanda vya hapa nchini vipate muda wa kujiimarisha. Ruhusa hiyo haikuja yenyewe. Iliombwa na kuongezwa mara kadhaa na maafisa waliojua kusoma mikataba, kujenga hoja na kutafuta kura. Hizo ndizo stadi ambazo wanafunzi hufunzwa katika vikao vya mfano.

Kazi huanzia shuleni

Kila shule hupewa nchi ya kuwakilisha, na kwa kawaida si nchi yake. Mwanafunzi wa Khwisero akipewa Norwe, kwa mfano, itabidi asome uchumi wake, jirani zake na msimamo wake. Atagundua kwamba nchi hiyo huuza mafuta na gesi kwa wingi, na wakati huo huo hutetea utunzaji wa mazingira duniani. Ni lazima aweze kueleza mambo hayo mawili bila kujipinga, hata kama maoni yake binafsi ni tofauti.

Baada ya hapo huandika rasimu ya azimio. Azimio la Umoja wa Mataifa huandikwa kama sentensi moja ndefu. Sehemu ya kwanza hutaja sababu, na sehemu ya pili huorodhesha hatua zinazopendekezwa, kwa nambari. Kuandika rasimu nzuri huchukua wiki kadhaa za kusoma, na kazi hiyo hufanyika kwenye chama cha shule chini ya mwalimu mlezi.

Siku za kikao

Wanafunzi hugawanywa katika kamati za mada kama mazingira, haki za binadamu na usalama. Lugha ya mjadala ni Kiingereza na mavazi ni rasmi. Mjumbe hasemi "mimi naona"; husema "ujumbe wa Norwe unaona". Mjadala ukiendelea, wajumbe hawanong'onezani. Huandikiana vikaratasi vinavyopelekwa na wahudumu wa ukumbi.

Kabla ya mjadala, kila mjumbe hutafuta wenzake wa kutia sahihi rasimu yake. Rasimu zinazofanana huunganishwa, na hapa ndipo wengi hupata somo gumu: aliyefika na kurasa zake anaweza kubaki na vifungu viwili tu. Rasimu ikikubaliwa, hujadiliwa, hufanyiwa marekebisho na kupigiwa kura. Nyingine huanguka.

Ndivyo mambo yalivyo hata kwa mabalozi wenyewe. Mnamo Machi 2, 2022, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha jijini Nairobi azimio la kuanzisha mazungumzo ya mkataba wa kukomesha uchafuzi wa plastiki. Azimio lilipita, lakini kukubaliana juu ya mkataba wenyewe kumekuwa kazi ngumu zaidi. Katika Baraza la Usalama, ambako Kenya ilikuwa mwanachama mwaka 2021 na 2022, nchi 5 kati ya 15 zina uwezo wa kuzuia azimio kwa kura ya turufu.

Cheti hakiwezi kufanya nini?

Mshiriki hupata ujasiri wa kuzungumza mbele ya watu na mazoea ya kutafuta ushahidi kabla ya kusema. Hata hivyo, cheti cha kongamano hakimpi mtu nafasi ya chuo kikuu wala viza. Nafasi katika vyuo vikuu vya umma hapa nchini hutolewa kupitia KUCCPS kwa kuzingatia matokeo ya mtihani wa kitaifa. Anayedai vinginevyo anauza hewa.

Kabla ya kulipa

Chini ya Katiba ya 2010, elimu ya upili iko mikononi mwa Serikali ya Kitaifa. Kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi. Kwa hivyo maombi ya kushiriki hupitia shuleni, si katika afisi ya wadi wala kwa wakala. Mzazi anashauriwa:

• Kuthibitisha mwaliko kwa mwalimu mkuu, na kulipa kupitia akaunti ya shule pekee, kisha kudai risiti.
• Kuuliza jumla ya gharama: ada, nauli, malazi na chakula. Basari ni ya karo. Isitegemewe kulipia safari.
• Kuuliza nani ataandamana na wanafunzi na watalala wapi. Kutoka Kakamega hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 350, hivyo basi linafaa kuondoka alfajiri ili wanafunzi wasisafiri usiku.
• Kupiga ripoti kwa polisi iwapo mtu anauza nafasi kwa jina la kaunti, shule au Umoja wa Mataifa.

Pesa zisipopatikana

Mtoto asiyeweza kwenda Gigiri hajapoteza kila kitu. Sehemu kubwa ya mafunzo iko katika maandalizi, nayo yanahitaji mwalimu mlezi, ramani, magazeti na darasa lililo wazi baada ya masomo. Shule mbili au tatu za kaunti ndogo moja zinaweza kuandaa kikao cha Jumamosi moja, kila shule ikiwakilisha nchi kadhaa, na wanafunzi wakarudi nyumbani kabla ya giza. Mzazi ambaye angependa mtoto wake ashiriki anaweza kuanza kwa kumuuliza mwalimu mkuu iwapo shule ina chama cha aina hiyo, na kama haina, ni mwalimu gani yuko tayari kukilea.